Usiku wa mashairi ghorofani: husomi lako mpaka usome la mwenzako kwanza

Sawa, niliahidi ntaandika kuhusu hiki kikao cha washairi nikishaenda mara ya tatu, nisije nikasifia kitu kwa mzuka wa siku ya kwanza. Sasa nimeenda Machi, Aprili na juzi hapa, kwa hiyo nina haki ya kuongea. Jina la ukumbi sitaji maana huko chini nina malalamiko yangu na sitaki ugomvi na mwenye jengo, ila ni Upanga, Dar, ghorofani, ngazi zake ukizipanda lazima upumzike katikati ujifanye unajibu meseji. Kiingilio buku tano, humo unapata kikombe cha kahawa na kashata moja. Kashata ya pili unalipia. Alama natoa mapema kwa wenye haraka: nne kati ya tano, ile moja imeliwa na maiki.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila mwezi wanapanda washairi watano, kila mmoja dakika ishirini, na sheria ni moja tu: unaanza na shairi la mtu mwingine, unalisoma lote, unasema limekushika wapi, watu wanakuuliza, mnabishana, afu ndo unasoma lako. Moja. Huruhusiwi mawili hata kama la pili ni fupi. Anayeendesha ni bi mkubwa mmoja mwenye miwani ya kamba, ana mfuniko wa sufuria na kijiko, dakika zikiisha anagonga mfuniko na hana huruma, juzi kamgongea mtu katikati ya ubeti.

Niwe mkweli, mi usiku za mashairi nilishazikimbia zamani. Zote zina ugonjwa mmoja, kila aliyekuja kaja na lake mfukoni, zamu ya mwenzake yeye yuko kwenye simu anatafuta kina cha ubeti wa nne, akishasoma anapiga picha anaaga ana dharura, mshairi wa mwisho anasomea viti na mhudumu anayefuta meza. Kwa hiyo niliposikia kuna mahali lazima usome la mwenzako kwanza nikasema ngoja niende nikaone watu wanavyoteseka. Na wanateseka kweli. Mwezi wa tatu kuna kaka kapanda akasema samahani, yeye hasomagi mashairi ya watu wengine asije akaathirika. Bi mkubwa akamwambia basi mwanangu kakae, utatusomea siku ukishaathirika. Ukumbi mzima chali.

Aliyenikamata siku hiyo ni mzee wa Tanga, kofia ya kiua, mwalimu mstaafu. Katangaza kwamba shairi lake la kupenda ni Titi la Mama la Shaaban Robert, lile la kusifia Kiswahili, nikasema moyoni haya, tumeanza, maana Mtanzania ukimbana kuhusu mashairi atakutajia Shaaban Robert hata kama mara ya mwisho kumsoma ni kwenye mtihani. Nusu ya ukumbi tulikuwa tunamfuatisha kwa midomo. Akamaliza, akavua miwani, akauliza: hivi nyie mmeshawahi kujiuliza mbwa kaingiaje mle ndani? Kimya. Akasema shuleni tulilifundisha hili kama bango, Kiswahili oyee, na mimi mwenyewe nimelifundisha hivyo miaka na miaka, lakini someni tena, hakusema titi la mama ni tamu kwa sababu mama ni malkia, kasema ni tamu hata mama akiwa mbwa. Yani siyo sifa hiyo, ni njaa. Mtoto halipendi titi kwa kulilinganisha na mengine, ndo alilolikuta.

Shairi nimelikariri tangu primari sijawahi kuliona hivyo hata siku moja. Dada aliyekaa mbele yangu akamuuliza, sasa mwalimu mbona ulitufundisha vile? Mzee akacheka akasema mwanangu mtihani ulikuwa unataka vile. Lake yeye lilihusu mafao ya kustaafu, mizani nane kwa nane zimetimia, vina vya kati na vya mwisho vimekaa, hakuna pa kumshika, ila ni shairi la kusomwa kwenye mahafali na yeye mwenyewe alijua. Alivyokuwa anarudi kukaa kamwambia bi mkubwa, "umenionea, baada ya lile nani atasikia hili?"

Na hapo ndo raha ya hiki kikao ilipo, kwa maoni yangu. Mtu akisoma la mwingine halafu lake, unamwona vizuri kuliko angesoma yake kumi. Unaona anachokitamani na unaona mkono wake unapofika, na ule umbali wa katikati hata maiki mbovu haiufichi.

Ila mwezi wa nne ndo niliamini kabisa. Alikuja mgeni wa Mombasa, kijana wa miaka thelathini hivi, kanzu na saa kubwa, akasema kaleta shairi la Kimya la Muyaka bin Haji. Karatasi zikapita (hili nalo niliseme, wanatoa fotokopi ya kila shairi, watu wawili karatasi moja, Mungu awabariki), akaanza kulighani kwa sauti ya chini mpaka feni zikawa zinamzidi:

Kimya mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele
Kimya chataka kumbuu, viunoni mtatile

Aliposhuka hapo tu mkono ukanyooshwa nyuma, kumbuu ndo nini? Ikawa vurugu tamu ya kama dakika tano. Mmoja anasema ni joho, mwingine anasema bibi yake wa Pemba alikuwa analitumia neno ila kasahau kwa kitu gani, mzee wa Tanga kutoka kwenye kiti chake anasema ni mshipi jamani, kitambaa cha kujifunga kiunoni, mbona mstari wenyewe unajieleza. Mgeni akasema mzee kapatia. Sasa hebu fikirieni, akasema, kimya kinataka ujifunge mshipi. Mtu anajifunga mshipi lini? Anapokwenda kupigana, au kazi nzito. Kwa hiyo hiki siyo kile kimya cha hekima mnachokiwekaga status, "kimya ni jibu tosha" na picha ya simba. Huyu Muyaka ni mtu wa Mvita, yani Mombasa, enzi za Wamazrui waliokuwa wanaitawala, mji umegombana na Lamu, umegombana na Mabusaidi, masultani wa Oman, mashairi yanatupwa ng'ambo na kujibiwa kama mawe, katika hali hiyo mwenzako akinyamaza ujue kuna majahazi yanatengenezwa. Mgeni alivyolisoma yeye, kimya kile ni cha adui. Ndo maana mwisho wa ubeti anasema tahadharini.

Jamaa mmoja wa kompyuta, wale wanaokuja na mabegi, akauliza swali ambalo nilidhani la kizembe kumbe ndo lilikuwa la maana: Muyaka aliandika kitabu lini? Mgeni akasema hakuandika kitabu. Amekufa kama mwaka 1840 hivi, mashairi yake yamebaki vinywani mwa watu wa Mombasa, miaka mingi baadae ndo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa pale pale, akayakusanya yale aliyokuwa anayajua na aliyoyatafuta kwa wazee, akayapitisha kwa mmisionari mmoja Mwingereza aliyekuwa Mombasa, W. E. Taylor, na kutoka kwenye makaratasi ya Taylor ndo mhariri William Hichens akaja kutoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, imechapwa Johannesburg, Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Hesabuni wenyewe. Karibu miaka mia mtu hana kitabu, na leo tumekaa Upanga tunabishania mshipi wake kwa sababu mwalimu fulani alikaa na mashairi ambayo siyo yake.

Nilivyokuwa nashuka ngazi usiku ule nikawa nawaza, hivi mimi mashairi ya watu niliyonayo kichwani, kamili, bila kuangalia simu, ni mangapi? Nilipata matatu na nusu. Ile nusu ni ya wimbo wa taarabu kwa hiyo sijui kama inahesabika.

Shairi la huyo mgeni mwenyewe lilikuwa la feri ya Likoni, watu wamejaa wanasubiri ng'ambo, jua kali, hakuna anayeongea, hata wauza maji wamenyamaza. Tungelisikia peke yake tungesema ni picha nzuri basi. Lakini tulikuwa bado tuna kumbuu kiunoni, ule ukimya wa foleni ukawa unatisha, mimi nilikuwa nasubiri kitu kitokee na shairi likaisha hakijatokea. Sijui alipanga au ilitokea tu. Nilimuuliza baadae kwenye kahawa, akajibu kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, kitu ambacho sikukielewa vizuri nikatikisa kichwa kama nimekielewa.

Sasa tuje juzi, maana juzi palichimbika. Kapanda kijana wa Ukerewe, ndevu changa, tisheti, kaja na shairi la Kezilahabi. Kisu Mkononi, kutoka Kichomi, kile kitabu cha 1974. Wasioijua hii habari: Kichomi ilivyotoka iliwasha moto, Kezilahabi aliacha vina na mizani kabisa na akautetea uamuzi wake hadharani, na wapo wazee mpaka leo ukiwatajia jina hilo wanaweka kikombe chini. Kwa upande wao biblia ni Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi, 1954, huyo huyo aliyekuwa meya wa Dar na ndo mwenye jina kwenye uwanja wa Arusha, nadhani wengi wanaojaza ule uwanja hawajui kama alikuwa mshairi.

Kijana hakughani. Kasoma tu, polepole, kama mtu anayesoma barua aliyoipata mwenyewe nyumbani. Ni la mtu ana kisu mkononi anaiangalia miaka yake, sielezi zaidi, tafuteni mkasome. Alivyomaliza hakuna aliyepiga makofi, siyo kwa ubaya, hakuna aliyejua kama yameisha. Halafu mzee mmoja (siyo wa Tanga, mwingine, mwenye fimbo) akasimama akasema shikamoo yako sijaisikia, na marahaba nimeiacha nyumbani, nauliza tu, hili ni shairi au ni insha imekatwa katwa? Vicheko. Kijana wa watu akajibu kwa adabu, shikamoo mzee wangu, naomba nikuulize na mimi, wakati nasoma ulikuwa unahesabu mizani au ulikuwa unasikia? Mzee akafikiria. Akasema nilianza kuhesabu nikapotea. Kijana akasema basi hapo ulipopotea ndo lilipoanzia shairi.

Jibu zuri eeh? Mi pia nilipiga makofi. Ila dada mmoja pembeni akaharibu sherehe, na nashukuru aliharibu, akasema hilo jibu ni tamu lakini linakwepa, maana guni (shairi lisilofuata vina na mizani) nalo lina watu wengi wanaojificha humo kwa sababu hawawezi kupanga vina, wewe utajuaje huyu kaacha na huyu kashindwa? Hapo wakabishana kweli, mfuniko umegongwa mara tatu hamna anayesikia. Kijana mwisho akasema yeye anajua Kezilahabi kaacha kwa sababu ukisoma kwa sauti unasikia pumzi imepangwa, na mtu aliyeshindwa pumzi yake inakatika ovyo. Sikubaliani nae asilimia mia, pumzi ya msomaji mzuri inaweza kuokoa hata risiti ya Luku, lakini angalau alikuwa anaongelea kitu kinachosikika, siyo ile "ni hisia".

Sasa kilichonimaliza: zamu ya lake ilipofika akatoa shairi lina vina kote, kati na mwisho, mizani kumi na sita mwanzo mpaka mwisho, kibwagizo juu. La kumlilia kaka yake aliyezama ziwani. Mzee wa fimbo alikuwa anafuata kwa kichwa, kila mshororo ukifunga anatikisa. Akauliza, sasa mwanangu mbona wewe hukuacha vina? Kijana akasema nyumbani msiba unaliliwa kwa mpangilio, nisingeweza kumlilia kwa kukatakata. Basi mzee akakaa. Hawakupatana ila nliwaona baadae wanagawana kashata.

La takhmisa limebaki, na kama nisingelisema hili andiko lingekuwa bure. Alipanda dada wa Kizanzibari, baibui, sauti ndogo ile inayofanya watu wasogee mbele. Akasema yeye hawezi kutenganisha la mwenziwe na lake kwa sababu ameyatia kwenye ubeti mmoja. Bi mkubwa akamwangalia juu ya miwani, sheria je? Akasema bibi, hii ni sheria ya zamani kuliko yako.

Takhmisa kwa wasioijua, na mimi nilikuwa siijui zaidi ya jina, ni hivi: unachukua mishororo miwili ya mshairi mwingine unayemheshimu, unaiacha kama ilivyo hata herufi hugusi, unatunga mitatu yako unaitanguliza mbele, kwa kina kile kile na mizani ile ile, inakuwa mitano. Imetoka kwa Waarabu huko, ikashikwa Lamu na Pate na pwani yote. Ukisoma ubeti unasikia watu wawili ila ni sentensi moja, na ukikosea wewe unaonekana hapo hapo maana mwenzako kasimama nyuma yako. Dada kachagua Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ile ya magofu ya Pate, matajiri waliokuwa na taa na mito ya hariri na sasa nyumba wanakaa popo. Akatuomba tuandike ubeti mmoja, na akaniruhusu niuweke hapa, mitatu ya kwanza yake, miwili ya mwisho ya Inkishafi:

Nimepita jana, nani aseme
geti lina kutu, na wasukume
za babu na bibi, mke na mume
nyumba zao mbake ziwele tame
makinda ya popo iyu wengeme

Akaeleza maneno, ziwele tame ni zimekuwa mahame, iyu ni juu, wengeme wananing'inia, mbake ni zile za kung'ara. Lakini kwa kweli tulishaelewa kabla, mimi "geti lina kutu" lilinitosha. Anaongelea nyumba ya ukoo ambayo watoto wote wako Muscat na London, hakuna anayeirudia, wanatumiana picha za paa linavyobomoka kwenye grupu la familia. Inkishafi nilikuwa naijua kama kitu cha mtihani wa fasihi, dunia hadaa, yameisha, kumbe ukiitangulizia geti la kutu inakuwa ni habari ya mwaka huu. Mtu mmoja akamuuliza huogopi kusimama karibu na mwamba kama ule? Akasema naogopa sana, ndo maana nimesimama mbele, nyuma asingenipa nafasi. Sijui kama ni utani.

Huyo dada peke yake ni buku tano.

Wazo la kikao kumbe siyo la kwao, na bi mkubwa anasema wazi, kalitoa kwenye podikasti ya mashairi ya jarida la New Yorker la Marekani. Nilienda kuisikiliza kwa bando langu, episodi tano hivi. Kule mshairi anachagua shairi moja lililowahi kutoka kwenye jarida hilo, analisoma, analichambua pamoja na mhariri, halafu anasoma lake ambalo nalo limetoka humo humo. Mhariri wa mashairi tangu 2017 ni Kevin Young, kabla yake alikuwa Paul Muldoon wa Ireland ya Kaskazini, wote wawili ni washairi kwa hiyo hawaulizi maswali ya kitalii. Iko safi, sauti nzuri, hakuna kelele za blenda ya jikoni kama kwetu, ukiwa na Kiingereza cha kutosha utafaidi na ni bure. Lakini watu wawili chumbani wanakubaliana sana. Hakuna mzee wa fimbo. Halafu stoo yao ni jarida moja, lililoanza 1925, kubwa ndiyo lakini ni mlango mmoja, wakati ghorofani kwetu mtu anaweza kurudi nyuma mpaka kwa Fumo Liyongo na hakuna wa kumwambia hilo hatukulichapa sisi.

Haya, malalamiko. Maiki. Wallahi ile maiki ina laana, ukiisogelea inapiga mluzi, ukikaa mbali nayo inakufa, mgeni wa Mombasa mwisho aliiweka chini akasoma kavu na ndo ikawa nafuu. Mwezi wa tatu nilishauri wabadilishe, wa nne nikaambiwa imeshaagizwa, juzi nikaikuta ile ile imefungwa selotepu. Pili blenda ya jikoni. Mtu yuko kwenye mshororo wa mwisho wa mauti, huko nyuma inaanza vrrrr, juisi ya parachichi. Si wasimamishe kwa dakika ishirini jamani, parachichi haliozi kwa dakika ishirini. Tatu muda, wanasema saa kumi na mbili na nusu, wanaanza saa moja na robo, wanamaliza saa tatu na nusu, sisi wa Mbagala tunajua maana yake, mara mbili nimepanda boda ambayo imenigharimu kuliko kiingilio na kashata za ukumbi mzima.

Na washairi wenyewe nina neno. Wengi wanachagua marehemu. Nimehesabu, katika washairi kumi na tano wa miezi mitatu ni watatu tu waliosoma la mtu wa rika lao, na mmoja katika hao alisoma la rafiki yake aliyekaa mstari wa mbele, wakawa wanatabasamiana, na sifa zilivyozidi mtu wa nyuma akauliza mahari mmekubaliana shilingi ngapi. Naelewa, marehemu hana wivu na hatakuomba umrudishie. Ila ningependa siku moja mtu asimame aseme kuna binti kaandika hiki mwezi uliopita kwenye grupu letu la wasap na mimi ningetoa mkono wangu ili niwe nimekiandika mimi. Hiyo inauma zaidi na ndo tungejifunza. Bi mkubwa nilimwambia, akasema anafikiria mwezi mmoja uwe wa walio hai peke yao. Tutaona kama watu watajitokeza.

Kingine kidogo, wanaume wanaojitambulisha. Kaka, tuna dakika ishirini zako, wasifu umekula saba, tuzo ya chuo mwaka 2016 haitusaidii kitu. Mfuniko ungeanza hapo.

Ukienda: Alhamisi ya mwisho wa mwezi, wahi saa kumi na mbili ukae upande wa madirisha, upande wa jikoni ni joto na blenda. Nenda na kalamu, fotokopi ni zako unaondoka nazo, mi nimeanza kuzitoboa naziweka kwenye faili. Watoto wanaruhusiwa, juzi kulikuwa na mmoja kalala tangu ubeti wa kwanza mpaka makofi ya mwisho. Ukitaka kusoma unaandikisha jina kwenye daftari la mlangoni na unataja la mwenzako kabla ya kutaja lako, bila hivyo hawakuandiki.

Mi nimejiandikisha ya mwezi ujao. Nimetaja Kimbunga la Haji Gora Haji, mtu wa Tumbatu, lile la upepo uliong'oa mibuyu minazi ikasalimika, nimelipenda tangu niko sekondari na sijawahi kumwambia mtu kwa nini. Kwenye nafasi ya "lako" nimeweka kistari. Na diwani yenyewe sinayo, niliiazimisha 2019 kwa mtu ambaye anasoma hapa na anajijua, ndugu yangu, nahitaji kitabu kabla ya Alhamisi hiyo.